Kaseti 87 za karani wa stesheni

Katikati ya wimbo wa Western Jazz jogoo anawika. Anawika mara mbili, kisha mwanamke anasema kwa mbali, "Fungeni mlango huo," na magitaa yanaendelea. Jogoo ni wa jirani. Mwanamke ni mama yangu. Siku hiyo ya mwaka 1976 baba alikuwa ameazima mashine ya kurekodi kwa mfanyakazi mwenzake, akaiweka juu ya stuli mbele ya redio ya National, akawaomba watu wote wa nyumba wanyamaze kwa dakika sita.

Hiyo ndiyo kaseti namba moja. Baada yake zilifuata 86, zote zimerekodiwa kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam, zote zina namba, na nyingi zina maelezo katika madaftari matatu ya jalada gumu. Baba alikuwa karani wa stesheni ya reli hapa Morogoro. Kazi yake ilikuwa kuandika treni imeingia saa ngapi, imetoka saa ngapi, na kama imechelewa, kwa sababu gani. Nyumbani aliandika nyimbo vivyo hivyo: saa wimbo ulipoanza, saa ulipokwisha, bendi, mtangazaji, na safu ya mwisho aliyoiita "Maelezo". Humo unakuta maneno kama "betri dhaifu", "mvua, mikwaruzo", "mtoto amelia", "salamu za Ifakara".

Alifariki mwaka 2009. Kaseti zilikaa kwenye katoni mbili chini ya kitanda cha mama kwa miaka kumi, hadi siku aliponiita akaniambia panya wameanza kutoboa katoni. Tangu siku hiyo nimekuwa nikizihamishia kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine. Nilianza nikidhani ninaokoa nyimbo. Nyimbo zimo, tena tamu, lakini kilichonifanya niendelee ni yale yaliyo kati ya wimbo na wimbo.

Wimbo mzima, pamoja na chemko lake

Kijana anayesikiliza muziki kwenye simu anaweza kudhani kila wimbo wa zamani una santuri yake mahali fulani. Kwa muziki wa dansi wa Tanzania sivyo. Nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri katika miaka ambayo NUTA Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Cuban Marimba na Morogoro Jazz zilitamba. Santuri zilichapwa Nairobi. Bendi iliyotaka kusikika nchi nzima ilikwenda studio ya RTD, Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Mashairi yalikaguliwa kwanza. Kisha bendi ilipiga wimbo kwa mkupuo mmoja, waimbaji na wapiga vyombo pamoja, ukaingia kwenye kanda kubwa ya studio na kuchezwa redioni. Nyimbo nyingi za namna hiyo hazikupata kuuzwa dukani.

Hata zile zilizofika kwenye santuri hazikufika nzima. Santuri ndogo ya mizunguko 45 ilibeba dakika chache kila upande, hivyo wimbo ulikatwa vipande viwili, na msikilizaji aliinuka kugeuza santuri pale pale mambo yalipoanza kupamba moto. Redioni wimbo ulipita wote: mashairi kwanza kwa utulivu, kisha chemko, ile sehemu ya mwisho ambapo magitaa yanajibizana, tarumbeta zinaingia na wachezaji wanasahau kiti walichokalia. Baba alipenda chemko. Katika daftari ameandika dakika lilipoanzia kila mara aliposikia lile alilolikubali.

Tukumbuke pia kwamba redio ya ndani ilikuwa moja. Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, mwaka 1956 ukawa shirika la utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikazaliwa RTD. Mpaka sheria ya 1993 ilipofungua mlango kwa vituo vya binafsi, na Radio One ikaingia hewani mwaka 1994, mtu wa Tanzania Bara aliyetaka muziki wa bendi zake alikuwa na Idhaa ya Taifa na Idhaa ya Biashara, basi. Wimbo mpya ukipigwa kwenye kipindi cha Misakato, fundi cherehani wa Kigoma na mvuvi wa Kilwa waliusikia kwa wakati mmoja. Usipourekodi leo, ungengoja hadi mtangazaji atakapoamua kuurudia.

Walionifutia watangazaji

Mwanzoni sikujua la kufanya. Nilichukua kaseti kumi, nikazipeleka kwenye studio moja mjini inayohamisha kanda za harusi kwenda kwenye diski. Baada ya wiki mbili nilipewa flashi yenye nyimbo 112, kila moja kwenye faili lake, safi, bila mkwaruzo. Kijana aliyefanya kazi hiyo alikuwa mwadilifu na alijitahidi sana. Alikuwa amekata maneno yote ya watangazaji, salamu zote, matangazo ya biashara, mlio wa saa, na yule jogoo. Aliniambia ameondoa takataka.

Nilikaa na mama jioni hiyo tukasikiliza. Alifurahi kwa nyimbo mbili tatu, kisha akauliza, "Na yule anayesema ugua pole yuko wapi?"

Alikuwa akiitafuta kaseti namba 23. Humo kuna kipande cha kipindi cha Ugua Pole, ambacho kilipeleka salamu kwa wagonjwa waliolazwa hospitalini. Mtangazaji anasoma kadi polepole, jina kwa jina, wodi kwa wodi, na katikati ya orodha hiyo anamtaja bibi yangu mzaa mama. Kadi ilitumwa na baba. Alirekodi ili amchezee bibi atakaporudi nyumbani. Bibi alirudi, akasikiliza, akataka arudishiwe tena, na aliishi miaka mingine sita. Katika daftari, upande wa "Maelezo", kuna maneno mawili tu: "Mama mkwe."

Namshukuru Mungu kwamba studio ilinirudishia kaseti zenyewe. Nilianza upya, mwenyewe, na nikajiwekea sharti: mkanda unahamishwa kuanzia mwanzo wake hadi mwisho wake, na hakuna kinachokatwa.

Wimbo uliopigwa studio huenda upo bado kwenye kanda kubwa, ambazo leo ziko chini ya TBC. Nyimbo chache za enzi hizo zimechapishwa upya ng'ambo pia. Mfululizo wa Zanzibara wa kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa, kwa mfano, una mkusanyiko mzima wa muziki wa Dar es Salaam wa 1978 hadi 1983. Hayo ni mambo ya kushukuru. Lakini kipindi cha salamu kilikwenda hewani moja kwa moja kikaisha. Nani aliomba wimbo gani, kutoka kijiji gani, akimtumia nani. Mtangazaji aliutambulisha wimbo kwa maneno yapi siku ulipokuwa mgeni. Tangazo la sabuni lililofuata. Hayo yako kwenye kaseti za watu, kwenye katoni, chini ya vitanda.

Sauti za watangazaji wenyewe ni hazina. Mama humtambua mtangazaji kabla hajamaliza sentensi. Katika kaseti za miaka ya 1980 tumemsikia Julius Nyaisanga akiwa kijana, miaka mingi kabla hajahamia Radio One na kuitwa Uncle J na taifa zima. Alimalizia kazi yake hapa hapa Morogoro, Abood Media, akafariki Oktoba 2013. Vijana waliofanya kazi naye hapa mjini wangefaidika kumsikia alivyokuwa akivuta pumzi kabla ya kutaja jina la bendi.

Kuutafuta mwaka

Daftari la pili liliingiwa na mchwa. Kurasa zaidi ya ishirini hazisomeki, kwa hiyo kaseti 30 hivi hazina tarehe. Hapo ndipo maneno ya mtangazaji yanapogeuka kuwa kalenda. Bendi ya wafanyakazi iliyoanza mwaka 1964 ilibadilisha jina kila chama cha wafanyakazi kilipobadilika. Ikitajwa kama NUTA Jazz, tuko nyuma. Ikiitwa JUWATA Jazz, najua CCM imeshazaliwa, yaani tumevuka 1977. Ikiitwa OTTU Jazz tumefika miaka ya 1990, na leo ni Msondo Ngoma. Mlimani Park haiwezi kusikika kabla ya 1978, mwaka ilipoundwa. Ikitajwa kama DDC Mlimani Park, tumefika 1983 au mbele yake. Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz ni kabla hajaondoka mwaka 1973 kuunda Super Volcano, isipokuwa pale mtangazaji anaporudisha za zamani, na mara nyingi anasema mwenyewe.

Kuna kaseti moja ya Mbaraka tupu, wimbo baada ya wimbo, bila salamu. Daftari linasema tu "Januari 1979". Mtu wa Morogoro hahitaji kuelezwa. Ndiyo Januari ambayo Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya.

Nyingine inakatika katikati ya wimbo wa kuchezeka. Kimya kidogo, kisha unaingia muziki wa maombolezo, unaendelea kwa dakika tisa. Ni Aprili 12, 1984, siku aliyofariki Waziri Mkuu Edward Sokoine barabarani, si mbali na mji wetu. Baba ameandika "Nimesimamisha", neno ambalo kazini alilitumia kwa treni. Kaseti inayofuata ni ya wiki tano baadaye.

Mkono unavyofanya kazi

Wapo watakaosoma hapa wakiwa na katoni zao, kwa hiyo niseme ninachofanya.

Kaseti iliyolala miaka mingi siichezi papo hapo. Naikagua kwanza kwenye mwanga. Mkanda wenye vumbi jeupe pembeni una ukungu, jambo la kawaida kwa kaseti zilizokaa Pwani au penye unyevu, na ukiuingiza kwenye mashine utaambukiza nyingine zote. Hizo naziweka kando ndani ya mfuko wake, nazishughulikia mwisho, nje ya nyumba, nikiwa nimefunika pua. Zilizo safi nazipeleka mbele hadi mwisho na kuzirudisha mara moja bila kuzicheza, ili mkanda ulioshikana uachane taratibu. Naangalia kile kipande kidogo cha felti kinachobana mkanda kwenye kichwa. Kikiwa kimedondoka, sauti hufifia kabisa na watu hutupa kaseti nzima wakidhani imekufa. Kaseti ikiwa imefungwa kwa skrubu, unaifungua na kuhamishia mkanda kwenye kasha la kaseti nyingine nzima. Vile vijino viwili vya nyuma, kama havijavunjwa, navivunja. Kaseti isiyo na vijino haiwezi kurekodiwa juu yake kwa bahati mbaya, na bahati mbaya hiyo imeua sauti nyingi katika nchi hii kuliko panya na mchwa.

Mashine yenyewe nilinunua iliyotumika, deki ya mezani, kwa fundi wa redio anayejua kazi yake. Redio-kaseti za kubeba zinakula mikanda. Kila baada ya kaseti mbili nasafisha kichwa na mhimili wa chuma kwa pamba ya masikio iliyochovywa kwenye spiriti safi, na gurudumu la mpira kwa maji kidogo. Kisha kuna skrubu moja ndogo pembeni ya kichwa. Hii ndiyo siri ambayo fundi wangu alinifundisha. Kila mashine iliyorekodi ilikuwa na mwelekeo wake wa kichwa, na usipoulinganisha na ule uliorekodia, sauti inatoka kama mtu anayezungumza ndani ya blanketi. Unaigeuza skrubu kidogo sana, huku unasikiliza herufi "s" za mtangazaji. Zikikatika kama wembe, umefika. Tangu nijifunze hilo nimerudia kaseti saba nilizokuwa nimeshazimaliza, na katika mbili kati ya hizo tumeyapata majina ya watu ambayo awali hayakusikika.

Kutoka kwenye deki waya unakwenda kwenye kompyuta, na programu ninayotumia ni Audacity, ya bure. Nahifadhi kwa WAV, biti 24, sampuli 48,000 kwa sekunde. Wapo wataalamu wanaosisitiza sampuli 96,000, na kwa kanda ya studio nawaunga mkono. Kwa wimbo uliopita kwenye masafa ya kati, ukaingia redio ndogo, kisha kaseti, naona 48,000 zinatosha. Saa moja inachukua gigabaiti moja hivi. Kaseti 61 za dakika sitini na 26 za dakika tisini ni saa 100, kwa hiyo kazi yote ya baba inaenea kwenye diski ndogo inayoingia mfukoni. Faili la kwanza silisafishi mikwaruzo wala silipunguzi. Nikitaka la kumchezea mama, natengeneza nakala.

Jambo lililonisumbua kwa muda ni saa. Baba aliandika kama mtu wa reli, 20.15, lakini mtangazaji anasema saa mbili na robo usiku, na dada yangu alipokuwa akinisaidia kuandika orodha alichanganya hizo mbili. Vipindi vya jioni vikahamia alfajiri. Sasa kila faili linaanza na mwaka, mwezi, tarehe, kisha saa ya reli, kisha namba ya kaseti na upande. Nakala ziko tatu: moja kwangu, moja kwa mama kwenye kabati, ya tatu kwa mdogo wangu Mwanza, maana moto au mafuriko hayachagui nyumba.

Kaseti za wasikilizaji wengine

Kazi ya namna hii si ya Morogoro peke yake. Mwaka 1994 ilipotoka albamu ya Beatles iitwayo Live at the BBC, ilibidi watengenezaji wategemee pia kanda zilizorekodiwa na wasikilizaji majumbani, kwa sababu rekodi nyingi za vipindi vyenyewe hazikuhifadhiwa. Shirika kubwa la Uingereza, lenye majengo na bajeti, likaokolewa na watu waliobonyeza kitufe sebuleni kwao. Guinea nako jengo la redio ya taifa lilipigwa mabomu mwaka 1985, na kwa miaka mingi ilidhaniwa muziki wote uliteketea. Haukuteketea. Mradi uliofadhiliwa kupitia Maktaba ya Uingereza ulihamisha nyimbo 9,410 kutoka kanda za redio hiyo. Nikizisoma habari hizo najiuliza kwa nini sisi tunasubiri bomu.

Kuna swali la haki, na nalichukulia kwa uzito. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, iliyoianzisha COSOTA, inawalinda watunzi na wapigaji hawa. Kuhifadhi nyumbani kaseti ya mzazi wako ni jambo moja. Kuipandisha mtandaoni au kuiuza barabarani kwenye flashi ni jambo jingine, na ni dhuluma kwa familia za wanamuziki ambao wengi wao hawakupata cha maana kutokana na nyimbo zilizochezesha nchi. Mimi sijaweka wimbo hata mmoja mtandaoni. Mjukuu wa mpiga solo wa bendi moja ya hapa alikuja nyumbani, tukampa nakala ya nyimbo nne ambazo babu yake anasikika, na hakulipa kitu.

Na wanaoanza leo wasidhani wamechelewa. Vituo vya FM vya mikoani vina vipindi vya zilipendwa, vya ngoma za asili, vya taarabu, vya bendi za mtaa ambazo hazitakuwa na albamu. Redio ndogo zenye nafasi ya kadi ya kumbukumbu zinarekodi FM kwa kubonyeza mara moja. Ninachowasihi ni wasikate. Acheni mashine ikimbie tangu kengele ya kipindi mpaka taarifa ya habari inayofuata, na kabla hamjalala andikeni tarehe, kituo, jina la kipindi na mji mlipokaa.

Kilichobaki kwangu ni kaseti 19, tano zikiwa na ukungu. Jumamosi jioni, mama akishamaliza kuswali, anavuta kiti karibu na spika, nami nashika kalamu. Yeye ndiye anayejua aliyekohoa ni nani, mlango uliofungwa ni wa nyumba ipi, na yule mtu wa Ifakara aliyetuma salamu kila wiki alikuwa nani kwetu. Mambo hayo hayamo katika daftari lolote.

Kaseti namba 58 ina nusu ya kipindi cha Klabu Raha Leo Show ambamo JUWATA Jazz wanapiga, na watu wanasikika wakishangilia. Betri zilikwisha kabla ya wimbo wa tatu kufika kwenye chemko, na baba ameandika: "Haukumalizika. Utafutwe." Ukurasa wenye tarehe umeliwa, lakini mtangazaji anawatakia wasikilizaji Idd njema. Msomaji uliye na kaseti ya namna hiyo, ya kwako au ya mzee wako, niandikie kupitia kwa mhariri wa gazeti hili. Usiisafishe, usiikate. Nitakuja nayo mashine, na kaseti yako itabaki kwako.